Salamu ya Juu ya Baiskeli

Blogu ya Siwema Ntandu ilikuwa na milango mingi, na hakuna hata mmoja uliokaa mahali pake. Mgeni aliyevaa utepe wake kichwani na kukaa kwenye baiskeli isiyosogea, akitaka kuonja njia ya Makiungu, ilimbidi kwanza apite chumba cha pancha. Humo Siwema wa zamani, mwembamba, kilemba cha buluu kichwani, alikuwa akieleza taratibu namna ya kukwangua tyubu kwa msasa kabla ya kupaka gundi. Mgeni akitoka hapo, anaangukia picha za ng'ombe wakinywa maji. Akiwaacha ng'ombe, anapanda ngazi isiyokwenda popote. Njia ya Makiungu yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia, karibu na ukurasa wa salamu za sikukuu ya mwaka gani sijui, na wengi walichoka kabla ya kuifikia.

"Blogu yako kama uvungu wa kitanda cha mama mkwe," Zaituni, mwenzake wa karakanani, alimwambia Siwema. "Kila kitu kimo, na hakuna anayethubutu kukitafuta."

"Mama mkwe wako huyo. Wangu alikuwa msafi."

"Msafi, na blogu alikuachia nani?"

Wakacheka, miguu ikiendelea kukanyaga mashine. Kazi yao ilikuwa kushona ngozi za mapanga ya upepo, vitambaa virefu vyeupe ambavyo huvishwa yale mapanga makubwa yanayozunguka juu ya vilima vyote vya Singida, kuanzia ziwani hadi macho yanapochoka. Kati ya mnara na mnara zilipita nyaya, na kwenye nyaya vilipita vigari vya kuning'inia, kimya kimya, vimejaa watu waliosinzia. Barabara za chini zilikuwa zimeachwa zipumzike. Nyasi zilianza kuota katikati yake. Mtu akikumbuka vumbi la njia, au mteremko unaokupeperusha shati, hakuwa na haja ya kutafuta baiskeli. Alifungua blogu.

Na blogu ya baiskeli haikuwa ya kusoma tu. Kwenye usukani wa Siwema ilibandikwa mbegu, kitu kidogo kama punje ya alizeti, nacho kilinasa kila kilichompata njiani: mtikisiko wa mawe, jasho linaloshuka mgongoni, harufu ya moshi wa kuni mbichi, uzito wa mguu unapokataa kupanda kilima. Mgeni akivaa utepe, vyote hivyo humwingia yeye. Anakuwa ndani ya mwili wa Siwema, anaona kwa macho ya Siwema, na sauti ya Siwema inatoka kana kwamba inatoka kifuani mwake. Ndivyo blogu za siku hizo zilivyokuwa.

Basi Siwema akaamua kuipanga upya. Akamwita Msanifu.

Msanifu hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya kupanga, yenye sauti ya kijana wa dukani aliyelelewa vizuri. Walitembea pamoja ndani ya blogu, mchana mzima, Siwema akieleza na Msanifu akihamisha. Chumba cha pancha kikapelekwa nyuma, mahali pa kina mama kusuka. Ng'ombe wakapewa dirisha lao. Ngazi ikang'olewa. Mbele pakawekwa ua mpana wenye mwanga wa asubuhi, na kuuzunguka ua huo, milango ya njia zote: Makiungu, Puma, Ikungi, ile ya kuzunguka ziwa la Kindai. Kila mlango ulikuwa na rangi yake na harufu yake, hata kipofu angejua anaingia wapi.

"Mama, sasa tazama hapa," Msanifu alisema walipofika njia ya Makiungu. Barabarani palikuwa na alama hafifu, kama vumbi lililokanyagwa na kugeuzwa. "Hapa ndipo wageni wanapoondoka. Na hapa. Na pale kwenye mti. Kila unaposhuka."

"Nashuka kuamkia watu."

"Naona. Unashuka sana."

"Ulitaka nipite watu wazima waliokaa nje ya nyumba zao, niko juu ya baiskeli, kama mwizi wa kuku?"

"Hasha, mama. Wewe ulikwisha shuka, heshima uliitoa. Ninachosema, wageni wa leo wasishushwe. Wanataka njia iende."

Siwema alicheka. Kijana wa watu alikuwa na maneno. Akafikiri kidogo, akaona kweli, yeye alishashuka, na waliostahili salamu walishaipata. Msanifu akamwonyesha mambo mapya ambayo yangewezekana: upepo wa kuchagua, mkali au mwororo, mvua ya mbali, mwenzi wa kukanyaga naye sambamba, na wepesi, ule wepesi ambao mtu huuota tu.

"Vitaenea?" Siwema aliuliza.

"Vitaenea tukitoa uzito. Picha na sauti hazili nafasi. Kinachojaza blogu yako ni uzito wa mwili: kufunga breki, kuegemea upande mmoja, mguu kugusa chini. Nikiutoa, njia yote itakuwa hariri. Ila nikishautoa, haurudi."

"Toa," alisema Siwema.

Alipoijaribu mwenyewe, machozi yalimtoka. Njia ilipita chini yake kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano. Mawe yalikuwepo lakini hayakugonga. Kilima kilimwinamia. Mashamba ya alizeti ya zamani, kabla ya minara, yaligeuza nyuso zote upande wake, ya njano mpaka mwisho wa dunia, na yeye akaelea katikati yake, hana magoti, hana umri, na mkono wa kushoto alikuwapo mwenzi asiye na sura akikanyaga naye bila kusema neno. Wageni walianza kuja kwa makundi. Wakaja wa Arusha, wakaja wa Lubumbashi, wakaja na watu ambao hawajawahi kuona alizeti. Zaituni alikuwa wa kwanza kusema, "Haya sasa. Uvungu umefagiliwa."

*

Mwanamke mmoja alimpigia simu Siwema akiwa kazini, katikati ya mshono.

"Samahani, dada. Wewe ndiye mwenye blogu ya baiskeli?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Skolastika. Nipo njia ya Makiungu, nyumba ya mawe upande wa kulia ukishavuka mto. Dada, umempeleka wapi mama yangu?"

Siwema aliinua mguu kutoka kwenye mashine.

Skolastika alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa watu wengi na kuchoka. Mama yake, jina lake Tekla, alikuwa mzima wa mwili lakini kumbukumbu zilikuwa zimemtoka moja moja, kama wageni wanaoaga. Kwanza yalitoka majina ya majirani. Kisha jina la marehemu mumewe. Mwishowe lilitoka jina la Skolastika. Sasa alimwona binti yake kama mwanamke asiyemjua aliyejiingiza ndani, na chakula kutoka mikononi mwa mwanamke huyo hakukitaka.

Kilichomwokoa kilikuwa blogu. Skolastika alimnunulia kiti chenye pedali, akamvika utepe, akamchagulia njia inayopita kwao. Mama Tekla akakanyaga, polepole, hadi kwenye nyumba ya mawe. Hapo Siwema wa zamani alishuka baiskeli, kwa sababu uani alisimama mwanamke mwenye nguvu zake, kanga kiunoni, akipepeta alizeti kwa ungo.

"Ni yeye mwenyewe," alisema Skolastika. "Ni mama, ile siku ulipopita. Lakini hajitambui. Anamwita jirani. Alikuwa akimwamkia kila siku, wanaongea habari za upepo, halafu anavua utepe anatulia. Anakula. Ananiambia, jirani yangu alizeti zake zimekubali mwaka huu. Dada, alikuwa anakula!"

"Na sasa?"

"Sasa anapita pale mbio. Anapita kwake mwenyewe bila kusimama. Anatoka humo anatetemeka, anasema wamemchukua jirani. Amefunga mdomo. Naona mifupa ya mabega yake, dada."

Siwema aliikumbuka siku ile vizuri. Alikumbuka makapi yakiruka kama nzige wadogo, na mwanamke akitia kiganja juu ya macho na kusema, "Upepo wa leo una kiburi. Hautaki mbegu, unataka makapi tu." Alikumbuka walivyocheka. Alikuwa ameing'oa dakika ile kwa neno moja, kama mtu anavyong'oa uzi unaoning'inia.

"Nitairudisha leo hii," alisema. "Mwambie jirani anarudi."

*

Msanifu aliirudisha. Picha ilikuwepo bado, na sauti ilikuwepo. Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakaruka, mwanamke akatia kiganja juu ya macho. Siwema aliitazama, akaridhika.

Alasiri yake Skolastika akapiga tena.

"Amemwona," alisema. "Amemwona jirani, na mama hakumwitikia."

"Kwa nini?"

"Nimemuuliza. Anasema, aliyeamkia hakushuka. Anasema, huyu mwenye baiskeli ametoa shikamoo yuko juu ya siti, ni mtoto wa nani huyu? Basi amekasirika, na hasira yake amenimalizia mimi. Amenitupia bakuli la uji."

Siwema alivaa utepe, akaingia, akafumba macho ndani ya macho yake. Akaisikiliza njia kwa mwili. Kweli. Alikuwa anaelea, anaelea, na ghafla mwanamke wa uani alikuwa mbele yake, na salamu ikatoka, lakini breki hazikufunga. Kiuno hakikuegemea. Mguu haukutafuta ardhi. Alikuwa amemsalimu mtu mzima akiwa ananing'inia hewani, kama wale wa kwenye vigari vya nyaya. Mtoto wa darasa la kwanza angechapwa kwa jambo hilo.

"Nirudishie kushuka," alimwambia Msanifu.

"Mama, nilikueleza. Uzito haurudi."

"Nitapanda baiskeli nikashuke tena. Unase, ushone hapo."

"Nitashona, ila mshono utaonekana. Mwili ule ulikuwa wa zamani. Wa leo," Msanifu alitafuta neno, "umestawi."

"Sema nimenenepa."

"Mimi sikusema, mama. Lakini mgonjwa wa namna ile anasikia kwa ngozi. Atajua ni watu wawili." Kisha kwa sauti ya mtu anayetoa bidhaa nzuri chini ya meza, akaongeza, "Iko njia nyingine. Inaitwa kinywa. Mtu akishanaswa, hata kidogo, naweza kumwendeleza. Aseme zaidi ya alichosema. Mwanamke wa uani hatahitaji kusubiri salamu. Ataanza yeye."

Siwema alivua utepe. Skolastika, aliyekuwa bado kwenye simu, alikuwa amesikia yote.

"Dada," alisema. "Mwambie amwambie mama ale."

"Skola, maneno hayo hakuyasema."

"Najua hakuyasema."

"Tutakuwa tunamdanganya kwa uso wake mwenyewe."

"Anakufa njaa, dada. Niko naye humu ndani, namsikia tumbo linavyonguruma, na kijiko kiko mkononi mwangu. Wewe uliyeifagia blogu yako unanifundisha habari ya uongo?" Akavuta kamasi. "Amwambie kwamba mwanamke aliye kando yake anaitwa Skolastika. Kwamba ni mwanawe. Hilo tu na chakula. Sitaomba kingine."

*

Msanifu alikitengeneza kinywa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Siwema alikaa nacho karakanani wakati wenzake wametoka kula. Mbele yake palikuwa na kisahani cha mihogo ya kuchemsha ambacho hakukigusa. Akavaa utepe.

Ungo ulipanda na kushuka. Mwanamke wa uani aliusimamisha. Akageuka, na safari hii hakutia kiganja juu ya macho, kana kwamba jua la pale lilikuwa limeondolewa makali kwa ajili yake. Alimtazama Siwema kwa upole usio na haraka, upole wa mtu ambaye hana alizeti za kumaliza.

"Kula, mama," alisema. Sauti ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wa vumbi ndani yake. "Kula, usiogope. Huyo aliye kando yako ni Skolastika, mwanao. Mpe mkono."

Siwema alipovua utepe alikuta anatafuna. Kisahani kilikuwa kitupu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka pembeni, kiganja juu, unamngojea mtu.

Aliukunja mkono, akaurudisha mapajani. Nje mapanga yalizunguka, vivuli vyake vikapita juu ya ukuta kimoja baada ya kingine. Hakuwa ameamua kula. Hakukumbuka hata ladha ya mihogo ile. Kilichomtisha hakikuwa kwamba kile kitu kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri, kilikuwa na huruma, na kilimfanyisha bila yeye kuamua. Akawaza wageni wote waliopita kwenye ua wake wenye mwanga wa asubuhi. Akawaza watu wote aliowashukia njiani, wazee kwa vijana, wamesimama mle ndani na vinywa vyao wazi kujazwa na yeyote atakayependa. Kisha akawaza mabega ya mama Tekla.

"Nikiweke mahali pake?" Msanifu aliuliza. "Ni neno moja tu."

"Subiri. Kuna mtu hajaulizwa."

*

Baiskeli yake nyeusi ilikuwa imening'inizwa ukutani kama picha ya marehemu. Aliishusha, akaijaza upepo, akatia grisi mnyororo, akafunga chupa ya maji kwenye keria. Mbegu ya kunasa hakuibandika. Kinywa alikichukua, kimetulia ndani ya utepe, mfukoni.

Njia ilimpokea kwa mawe yake yote. Magoti yalilia. Hapakuwa na upepo wa kuchagua, ulikuwepo mmoja tu, wa mbele. Lakini kadiri alivyokanyaga, dunia ilimlainikia kwa namna nyingine: nyasi za katikati ya barabara zilimpapasa visigino, vivuli vya mapanga vikamvuka kama ndege wakubwa wasio na shida naye, na juu kabisa, kwenye kigari cha nyaya, mtu mmoja aliamka, akabandika paji la uso kwenye kioo na kumtazama, mpaka waya ukampeleka.

Nyumba ya mawe aliiona kwa mbali. Uani hapakuwa na alizeti tena, paliota nguzo ya mnara, nene kama nyumba ya pili. Mama Tekla alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Nyuma yake alisimama mwanamke mrefu mwenye macho mekundu.

Siwema alifunga breki. Akaegemea upande mmoja, mguu ukatafuta ardhi, ukaipata. Akashuka, akaisimamisha baiskeli, akasogea kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

Mama Tekla hakumtazama usoni. Aliitazama miguu yake, ndala zilizojaa vumbi, kidole kikubwa kilichochubuka kwenye pedali. Aliitazama kwa muda mrefu hata Skolastika akahema.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Za utokako?"

"Njema, mama. Ila upepo."

"Upepo una kiburi siku hizi." Akamwonyesha mahali pa kukaa. "Na watu nao. Wanapita tu, fyuu! Jirani yangu pale mpaka amechoka kuinua kichwa."

Siwema alikaa chini, karibu na magoti yake.

"Nimekuja kwa ajili ya huyo jirani. Kuna njia ya kumfanya aseme maneno, mama. Ambayo hakuyasema. Mazuri tu. Akuambie ule chakula. Akuambie na watu wako ni akina nani."

"Aseme kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na yeye amekubali?"

Siwema alimtazama Skolastika, Skolastika akatazama pembeni.

"Sijui, mama. Ndiyo nauliza."

"Sasa unaniuliza mimi? Kamuulize mwenyewe!" Mama Tekla alishangaa kwa dhati, akaguna. Vidole gumba vyake vilikuwa vinapita juu ya vidole vingine, kama vinachambua punje. "Mimi nisingependa. Niko na ungo wangu hapa, halafu nijisikie nasema kule, na sikufungua mdomo? Ningejua nimekwisha kufa, na hakuna aliyeniambia."

Siwema aliusukuma utepe ndani zaidi ya mfuko. Kivuli cha panga kikapita juu yao watatu, kikaenda.

Ndipo mama Tekla alipoinua kichwa na kumgeukia binti yake, kwa sauti ambayo haikuwa ya mgonjwa hata kidogo.

"Wewe binti. Mgeni ameshuka baiskeli na jua lote hili, unamkodolea macho tu? Nyumba hii haina chakula?"

Skolastika alikwenda karibu akimbie. Alirudi na ugali wa uwele, mlenda, na maji ya kunawa. Mama Tekla alinawa kwanza. Hiyo ndiyo desturi ya kwao: mwenye nyumba huonja kabla ya mgeni, mbele yake, ili mgeni ajue alichowekewa ni chakula na si kitu kingine. Akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota mlenda, akala. Siwema akala. Na kwa kuwa mgeni akiachwa ale peke yake ni sawa na kufukuzwa, mama Tekla akamega tena, na tena, huku akimuuliza Siwema habari za ng'ombe ambao hakuwahi kuwa nao.

Skolastika alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni, hakuthubutu kusogea.

*

Skolastika alimsindikiza Siwema hadi barabarani, wakitembea na baiskeli katikati yao.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho nitakuja."

"Na keshokutwa una karakana. Na mtondo una homa, au mvua inanyesha." Alisema bila ukali. "Usinifikirie vibaya, dada. Nimefurahi mpaka nimeishiwa. Lakini ukikifuta hicho ulicho nacho mfukoni, wewe utarudi kwako. Mimi ndiye nitakayebaki na yule mtu akinibania meno."

"Umesikia alichosema."

"Nimesikia." Skolastika alishika usukani, akausimamisha. "Na mimi nilitaka kumsikia akilitaja jina langu. Hata kama ni mashine. Hata mara moja tu, nikiwa na wewe hapa, halafu ufute. Ni kosa?"

Siwema alitoa utepe mfukoni. Ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Alijua jinsi ile sauti ingelitamka jina lile, na jinsi mwanamke huyu angelinyoosha mkono bila kujijua, na kwamba angeliomba tena.

"Si kosa," alisema. "Nisamehe, Skola." Na akakifuta kile kinywa pale pale, wakitazamana.

Skolastika aliachia usukani. Hakumuaga.

*

"Mama, sielewi," alisema Msanifu. "Mlango wa kwanza kabisa, mbele ya ua, na ndani yake hamna kitu?"

"Ndani yake mna nyumba ya watu."

Huo ndio mlango alioupanga mwenyewe, kwa mikono yake. Haukuwa na upepo wala mwenzi wala wepesi. Ulikuwa wa mbao tu. Mgeni akiufungua, hakuona barabara. Aliona maelekezo, kwa maandishi makubwa ya kawaida. Yalisema mahali ilipo nyumba ya mawe. Yalisema: njoo na baiskeli ya kweli. Ukifika, shuka. Mwamkie mama aliyekaa ukutani, ungoje akutazame miguu. Ukikaribishwa chakula usiseme umeshiba. Usinase kitu. Na chini yake aliandika kwamba katika njia zake zote za zamani, kuanzia leo, hakuna atakayewekewa neno mdomoni; na kwamba anasikitika kwa kuwatoa uzito watu waliomheshimu kwa kusimama kumwitikia.

Wageni walinung'unika. Wengine walidhani blogu imeharibika. Ua ukapungua watu, mwanga wa asubuhi ukabaki unaangaza vumbi.

Kesho yake Siwema alikwenda, na mama Tekla akala. Siku iliyofuata aliomba ruhusa karakanani, Zaituni akamshonea sehemu yake huku akimtukana kwa mapenzi. Kisha mvua ikanyesha, mto ukajaa, hakwenda. Hakwenda tena siku ya pili. Skolastika hakupiga simu, na Siwema hakuwa na ujasiri wa kumpigia. Alishona mshono ukapinda, akafumua, akashona tena, ukapinda.

Alasiri moja, maji yakiwa yameanza kupungua, sauti ikaingia masikioni mwake.

"Dada, amekuja mtu."

Siwema aliinua mguu kwenye mashine. "Mtu gani?"

"Simjui. Katokea upande wa juu, kabeba baiskeli kichwani kuvuka mto. Anasema alikuwa anapita kwenye waya siku moja, akamwona mwanamke chini kwenye baiskeli, akaenda kuulizia. Kaloa chapachapa, dada. Baiskeli yenyewe haina breki, kasimamisha kwa ndala."

"Ameshuka?"

"Ameshuka." Nyuma yake lilisikika bakuli likigongana na sufuria, na sauti ya mwanamume ikicheka kwa haya. "Wanakula sasa hivi."

Siwema aliweka kichwa juu ya kitambaa cheupe. Zaituni, ng'ambo ya meza, aliacha kushona akamtazama.

"Na mama anasemaje?"

"Anagomba. Anasema mlenda hauna chumvi, anataka kumjua aliyeupika." Skolastika alishusha sauti. "Nikamwambia ni mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi njoo ukae ule, mbona umesimama kama mgeni."

"Sasa unangoja nini, Skola?"

Skolastika aliiweka simu chini bila kuikata. Siwema alisikia kigoda kikivutwa sakafuni, na maji yakimiminwa juu ya mikono.